Mkia wa Nguva

"Haya, semeni. Mwataka kumuua nani?"

Muuza samaki aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwa leso aliyojifunga kiunoni, akawatazama wateja wake wawili kwa zamu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na soko la samaki la Mji wa Kale lilifurika watu. Maji ya barafu yalichuruzika sakafuni, makuli walipiga kelele za kuomba njia, paka walikuwa kila pembe. Na katika samaki wote waliolala mezani pale, changu na tasi na kolekole wa kumeremeta, watu hawa wawili walikuwa wameng'ang'ania samaki mmoja tu: bunju. Bunju mwenyewe alikuwa ametengwa pembeni akingoja kutupwa, maana nani wa Pwani asiyejua kwamba bunju ana sumu?

"Simli, mama," alisema msichana aliyeshika upande wa kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo hata ikabidi muuza samaki ainame. "Nataka kumchora."

"Mimi nataka kumpiga video," alisema kijana aliyeshika mkia. "Nione anavyovimba."

"Amekufa. Atavimbaje?"

Msichana huyo, Mutanu, alishtuka kusikia kwamba aliyeuliza ni yeye mwenyewe. Hakuwa mtu wa kusemeshana na wanaume asiowajua. Lakini kijana alitabasamu, akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa pampu ya baiskeli.

Soko zima liliangua kicheko.

"Ati pampu!" Muuza samaki alishika kiuno. "Wallahi leo nimeona. Mchukueni nyote wawili, mniondolee balaa mezani. Lakini akifa mtu, mimi siwajui!"

Bunju alifungwa kwenye gazeti. Kijana akambeba, Mutanu akafuata nyuma akiwa na aibu zake, mikono mifukoni mwa sketi yake ndefu ya jinzi, akimtazama mtu huyu wa ajabu aliyevaa shati la kikoi rangi ya chungwa lililokosa kifungo cha pili. Walipita Ndia Kuu, wakapita maduka ya vinyago, na mbele ya mlango mmoja wa nakshi wakasimama wote wawili kwa pamoja.

"Unanifuata?" kijana aliuliza.

"Mimi nimeajiriwa hapa."

"Na mimi nimeajiriwa hapa."

Nyumba hiyo iliitwa Nyumba ya Viumbe. Ilikuwa makumbusho madogo ya wanyama wa pwani na bahari, vyumba sita vya mifupa, magamba na ndege waliokaushwa. Mkurugenzi wake, Bwana Nicodemus, alikuwa amechoka kuona wageni wakipita mbio kama watu wanaotafuta choo, akaamua kuifufua. Ndiyo maana aliajiri mchoraji wa kisayansi, Mutanu, binti wa fundi wa reli wa Changamwe, aliyetoka chuoni mwaka uliopita. Na ndiyo maana aliajiri mtu wa kuifanya michoro hiyo itembee. Mtu huyo alikuwa Fondo Kiti.

Kazi yao ilikwenda hivi. Mutanu alichora mnyama kwa kalamu ya wino, nukta kwa nukta, katika mikao minane au kumi ya mwendo wake. Fondo aliichukua michoro ile, akaiunganisha ndani ya kompyuta, akaipa pumzi. Mgeni aliinua kishikwambi alichopewa mlangoni, akakielekeza kwenye mifupa ya kasa, na pale kwenye kioo mifupa ikavaa nyama, nyama ikavaa ngozi na gamba, kasa akaondoka ukutani na kuogelea katikati ya chumba, kati ya mgeni na mke wake.

Mara ya kwanza Fondo alipomwonyesha bunju wao akivimba hewani juu ya meza, Mutanu alirudi nyuma hatua mbili, akaziba mdomo kwa mikono.

"Unaogopa katuni yako mwenyewe?"

"Mimi sichori katuni."

"Samahani, mheshimiwa. Picha zako za kisayansi." Fondo aliinamisha kichwa. "Lakini tazama, akikasirika anavimba shavu kama wewe hivyo unavyovimba sasa."

"Sijavimba!"

"Bunju kabisa. Bunju wangu mimi."

Jina likabaki. Kila siku baada ya kazi, Mutanu alipofika tu chumbani kwake Bondeni, simu ililia.

"Bunju, umevimba au umepoa?"

"Nimepoa. Umekula?"

"Nimekula kwa macho. Nilikuwa natazama kidole chako kile chenye wino."

"Kidole utakitazamaje na mimi niko huku?"

"Kiko hapa kwenye simu. Nilikipiga picha ulipokuwa hujui."

Mirriam, aliyekaa naye chumba kimoja na kuuza kanga katika duka moja la Biashara Street, alikuwa akijifunika shuka kichwani. "Shoga, mwambie na mimi nina masikio! Ama anioe mimi pia tujue moja."

Nguva walimwacha mwisho, kwa sababu nguva ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba ile. Mifupa yake ilining'inia kwenye ukumbi mkubwa, mbavu nene jozi kumi na nane, mnyama aliyenaswa katika nyavu miaka mingi iliyopita. Katika pwani yetu wamebaki wachache mno. Mutanu alimpenda mnyama huyu kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Alipokuwa peke yake ukumbini alimwamkia.

Siku moja saa za mchana walikaa ukutani karibu na Ngome, wakila viazi karai kwa ukwaju. Fondo alikuwa na wasiwasi.

"Mifupa ya mkia wake inakwenda inakwenda, halafu inaishia kama kamba. Nitajuaje umbo la mkia wenyewe?"

"Hutajua," Mutanu alisema. "Pembeni mwa mkia hakuna mfupa, ni nyama tupu. Mnyama akioza, umbo linapotea. Hapo lazima umwamini mchoraji."

"Basi nimekuamini."

Alisema hivyo bila mzaha, na Mutanu hakujua atazame wapi. Akachukua kalamu, akaanza kuchora chochote kwenye karatasi ya kaki iliyobeba viazi, ilimradi mikono ipate kazi. Walipoondoka alikuwa ameshaisahau.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi, Mutanu alikuwa amekaa kwenye kibanda cha viazi karai karibu na Ngome, peke yake, Fondo akiwa ameitwa redioni kutangaza maonyesho. Mwenye kibanda aliongeza sauti ya redio.

"Msikilize mwenzako!"

Fondo alizungumza vizuri, akachekesha. Alieleza jinsi kishikwambi kinavyoweza kumvisha mnyama ngozi yake. Kisha mtangazaji akauliza, "Na hii michoro, nimeiona jamani, nywele zinasimama. Ni wewe umeichora?"

Mutanu aliinua uso kutoka kwenye sahani. Uso wake ulikuwa tayari umeanza kuona haya, kama mtu anayejua anakaribia kuitwa mbele.

Fondo alicheka. "Ni kazi ya mikono yangu, ndugu yangu. Namshukuru Mungu."

Mwenye kibanda alisema kitu. Mutanu hakukisikia. Alitazama kidole chake cha wino, kilichoota sugu pale kalamu inapokaa, akakifunga ndani ya ngumi.

Asubuhi yake bango kubwa lilikuwa limetundikwa juu ya mlango wa nakshi. MICHORO NA UHUISHAJI: FONDO KITI. Bwana Nicodemus alimkuta Mutanu amesimama chini yake.

"Usiwe na neno, binti yangu," alisema. "Wafadhili wanapenda jina moja. Jina moja linakaa kichwani. Na wewe mwenyewe si mtu wa kusimama mbele za watu, ama nimekosea?"

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililomchoma Mutanu zaidi. Fondo alipopiga simu, alipokea mara moja tu.

"Nilibabaika, Mutanu. Mzee Nicodemus alikuwa amesimama pale pale studioni ananikodolea macho. Nikasema nitarekebisha baadaye."

"Baadaye lini?"

"Ufunguzi ukipita. Ameniahidi kazi ya kudumu. Nilifikiria sisi wawili, nikasema..."

"Usinitie mimi ndani ya uongo wako."

"Bunju..."

"Usiniite hivyo," alisema, akakata.

Jumapili baada ya ibada, Mutanu alikaa kitandani na karatasi nyeupe mapajani. Michoro ya nguva ndiyo tu iliyobaki, na ilitakiwa Jumatatu. Mirriam alizunguka chumba kama aliyeibiwa yeye.

"Chana! Chana zote, umwachie na mifupa yake!"

"La. Nikichana watamwonea huruma." Mutanu alisema polepole, macho hayatoki kwenye karatasi. "Nataka asimame mbele ya watu wote aliowaita, na suti yake, na jina lake juu ya mlango. Halafu wamcheke."

Mirriam alisimama. Katika mwaka mzima wa kukaa pamoja hakuwahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwa mtu huyu, ambaye alikuwa akiwahamisha mende kwa gazeti badala ya kuwaua.

Nguva wa bahari yetu ana mkia wa panda, umegawanyika mara mbili kama wa pomboo. Lakini anaye binamu, nguva wa mito ya Afrika Magharibi, ambaye mkia wake ni duara, kama mwiko wa kupakulia pilau. Mtu wa kawaida hajui tofauti hiyo. Mifupa nayo haisemi. Ila mtaalamu wa wanyama wa baharini akimwona nguva wa Mombasa na mkia wa mwiko, ni kama wewe umwone simba mwenye kwato.

Mutanu akachora mkia wa mwiko. Aliuchora mara nane, katika mikao minane, nukta kwa nukta, na mikunjo ya ngozi ikapata kivuli kizuri hata yeye mwenyewe akaduwaa. Fondo angeweza kuutafuta mtandaoni, lakini hangefanya hivyo. Tangu siku ya bunju, hakuwahi kukagua mchoro wake hata mmoja.

Jumatatu aliweka bahasha juu ya meza ya Fondo.

"Mutanu, keti kidogo tuzungumze."

"Kazi ndiyo hiyo. Mbavu zimetimia, na mkia umo." Alishika kitasa cha mlango, akageuka. "Umwamini mchoraji."

Jumamosi ya ufunguzi, Ndia Kuu ilijaa magari mpaka wenye mikokoteni wakagoma. Mutanu alivaa gauni lake jeupe la kanisani, na mabegani kanga ambayo Mirriam alimchagulia dukani baada ya kutafuta asubuhi nzima, nyeusi yenye maua mekundu na maandishi makubwa: SISEMI KITU UTAONA MWENYEWE. Alisimama karibu na mlango, mahali ambapo angeona vizuri.

Fondo alikuwa jukwaani na suti ya kijivu iliyomkaa begani kama ya kuazima. Alimwona. Macho yake yalishuka kwenye kanga, yakasoma, yakapanda tena usoni mwake. Hakutabasamu, wala hakukwepa.

Mbele kabisa aliketi Daktari Jael, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, aliyetumia nusu ya maisha yake kuwahesabu nguva kutoka kwenye ndege ndogo. Ukumbi mzima uliogopa kikohozi chake.

"Mabibi na mabwana," alisema Bwana Nicodemus, "inueni vishikwambi!"

Viliinuka kama mia. Mifupa ikavaa nyama. Watu wakashusha pumzi kwa pamoja, maana nguva alitoka darini mzima mzima, mnene, mpole, akapita juu ya vichwa vyao akipiga mkia juu chini, juu chini. Mkia wa mwiko.

Makofi yalianza. Daktari Jael hakupiga. Alifuatilia kwa kishikwambi chake mpaka nguva alipogeuka, kisha akavua miwani.

"Samahani," alisema, na makofi yakafa. "Mnyama huyu ameletwa na meli kutoka wapi?"

"Ni wa hapa hapa, Daktari," alisema Bwana Nicodemus. "Bahari yetu."

"Wa bahari yetu na mkia huo? Miaka thelathini sijamwona. Nani kachora kichekesho hiki?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine kumi, kisha ukumbi. Kamera za waandishi ziligeukia jukwaani. Mutanu alishikilia pindo la kanga. Sasa, alijiambia. Sasa.

Fondo alichukua kipaza sauti.

"Daktari amesema kweli. Mkia huo si wa nguva wetu. Kosa la mkia ni langu." Alikohoa. "Na kuna kosa jingine. Nilisema redioni kwamba michoro hii ni kazi ya mikono yangu. Nilisema uongo."

"Fondo, shuka," Bwana Nicodemus alinong'ona, na kipaza sauti kikainasa.

"Nitashuka, mzee. Ngoja niwaonyeshe kwanza kazi ya mikono yangu."

Nyuma yake palikuwa na ubao wa karatasi kubwa. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaanza kuchora nguva mbele ya watu mia. Alichora tumbo, likawa na kona. Alichora jicho, likakaa karibu na mkia. Jasho lilimtoka shingoni, akaendelea bila kupumzika, mbavu zikawa kama chelewa za fagio. Alipomaliza alisogea kando ili kila mtu aone.

"Huyo ni nguva," Daktari Jael aliuliza, "ama gunia la mkaa?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani.

"Ndiyo mikono yangu hiyo, Daktari. Kila mlichokiona kikipendeza humu ndani, kachora Mutanu Kioko. Jina lake haliko mlangoni kwa sababu mimi nilinyamaza." Akaweka kalamu chini, akapita katikati ya watu, akatoka. Alipompita Mutanu, bega lake liligusa kanga.

Mutanu alikuwa amengoja utamu, na utamu ulikuja. Hakuna haja ya kudanganya. Ulimpanda kama sukari ya kaimati. Siku ile yeye na Mirriam walikula biriani, wakaigiza gunia la mkaa mpaka mbavu zikauma, na alilala usingizi wa mtoto mchanga.

Jumatatu Bwana Nicodemus alimpigia simu mwenyewe. Bango lilikuwa limebadilishwa, jina lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Fondo alikuwa amefukuzwa. Daktari Jael naye alikuwa na habari: alihitaji mchoraji wa kwenda naye Watamu mwaka mzima.

"Kaa hapa tu, binti yangu," mkurugenzi alisema, akimvutia kiti cha Fondo. "Tia mkia wa haki, tumalize."

Alikaa. Kiti kilikuwa bado kimeshushwa kwa urefu wa Fondo. Aliwasha kompyuta, akatafuta faili la nguva, akakuta mawili. Moja liliitwa Nguva. La pili liliitwa Nguva Sawa.

Akalifungua la pili.

Nguva aliogelea kwenye kioo, mpole, mnene, na mkia wake ulikuwa wa panda. Haukuchorwa vizuri, mistari ilitetemeka, ilionekana wazi kwamba aliyeichora hajui kushika kalamu. Lakini umbo lilikuwa sawasawa. Tarehe ya faili ilikuwa Jumanne, siku moja baada ya bahasha, siku nne kabla ya ufunguzi.

Alijuaje? Mutanu alitazama huku na huku, na ukutani nyuma ya kioo akaona karatasi ya kaki imebandikwa kwa gundi. Ilikuwa na doa la mafuta ya viazi na tone la ukwaju lililokauka. Katikati yake, kwa mkono wake mwenyewe, kwa ile kalamu aliyoishika siku ile ili asitazamane naye, palikuwa na nguva mdogo mwenye mkia uliogawanyika mara mbili.

Alijua, basi. Alijua tangu Jumanne kwamba mchoro ni mtego, akajua na aliyeutega. Alikuwa na mkia wa haki mkononi. Akauweka kando, akavaa suti ya kuazima, akapanda jukwaani na ule wa mwiko.

Utamu wote wa biriani uligeuka shubiri. Na kilichomuuma hasa hakikuwa Fondo peke yake. Ni kwamba yeye, aliyemwambia mtu amwamini mchoraji, alimtumia mnyama yule mpole kusema uongo, na watu mia walikwenda nyumbani wakiwa wamemwona nguva ambaye hayupo.

Daktari Jael alikuwa ukumbini akipima mbavu kwa utepe. Mutanu alisimama mbele yake.

"Daktari, shikamoo. Ule mkia niliuchora mimi."

"Marahaba. Najua ulichora wewe. Kijana aliukosea kwenye kompyuta."

"Hakuukosea. Niliukosea mimi, kwa makusudi. Nilitaka achekwe na watu."

Daktari alikunja utepe wake taratibu. "Unajua kwa nini hatupigi picha tu kwa kamera, tukaachana na wachoraji?"

"Ndiyo, Daktari. Kwa sababu mchoraji anaonyesha kisichoonekana."

"Na kisichoonekana hakina shahidi mwingine." Aliutia utepe mfukoni. "Watamu nitakwenda na mtu mwingine. Mwaka ujao niletee kazi zako, nizikague moja moja. Zote."

"Nitazileta."

"Na huyo kijana alijua?"

"Alijua."

Daktari Jael alivaa miwani yake. "Basi mmekutana," alisema, akarudi kwenye mbavu.

Fondo alikuwa amepata kazi kwenye kibanda cha kutengeneza simu pale Bondeni, si mbali na msikiti. Mutanu alimkuta ameinamia simu iliyopasuka kioo, shati la kikoi lile lile, kifungo cha pili bado hakipo. Aliweka karatasi ya kaki juu ya meza.

Fondo alitazama karatasi, kisha yeye. "Karibu. Una simu ya kutengeneza?"

"Kwa nini hukuutumia mkia wa haki?"

"Nilijua ulitaka nione mwenyewe, hata kabla sijaisoma kanga yako." Alifuta mikono kwenye suruali. "Ningeurekebisha, ningeshinda mara mbili. Ningekuwa nimekuibia jina, halafu nimekuibia na hasira."

"Umefukuzwa kazi."

"Nimefukuzwa. Na gunia la mkaa linazunguka kwenye simu za watu. Mama yangu ametumiwa na watu watatu kule Kaloleni. Ananiuliza, mwanangu, hicho ni nini?"

Mutanu alihisi kicheko kikimpanda, akakimeza kwa nguvu. Hakuja kucheka.

"Nimemwambia Daktari ukweli. Watamu siendi tena. Na Bwana Nicodemus anaona haya kukuita, ila nimemwambia bila wewe sichori hata kamba. Kesho atakupigia."

"Mutanu..."

"Nyamaza. Sijakusamehe."

"Najua."

"Ulicheka. Pale redioni, kabla ya kujibu, ulicheka. Hicho kicheko bado nakisikia."

Fondo alikubali kwa kichwa tu, na macho yake yalikuwa mekundu. Mutanu alitoa mkobani kalamu yake ya wino, ile nyembamba ambayo hakuwahi kumwazima mtu, akaiweka juu ya karatasi ya kaki.

"Utachora mbavu. Kwa mkono, nukta kwa nukta, jozi kumi na nane. Kila Jumamosi utaniletea jozi moja. Nikikuta nukta ya uvivu, unarudia."

"Mimi? Nguva wangu umemwona!"

"Nimemwona. Alikuwa na jicho makalioni."

Basi ikawa hivyo. Jozi ya kwanza ilifanana na ndizi, akairudisha. Ya pili ilifanana na ndizi iliyoiva, akairudisha pia. Fondo alirudi kazini Nyumba ya Viumbe, na kila Jumamosi alipanda ngazi za Bondeni akiwa na bahasha, na Mutanu alikaa mlangoni na kioo cha kukuzia akikagua kama afisa wa forodha, na Mirriam akiwapikia chai na kuwasimanga wote wawili. Miezi ikapita. Jozi ya saba ilikuwa na kivuli. Kwenye jozi ya kumi na mbili simu ilianza kulia tena jioni, na hakuna aliyesema lolote kuhusu hilo. Neno bunju lilirudi kwenye jozi ya kumi na nne, kwa bahati mbaya, na Mutanu akajifanya hakusikia.

Jozi ya kumi na nane aliileta akiwa amevaa shati jipya lenye vifungo vyote. Mutanu aliitazama kwa kioo mbele na nyuma, akitafuta kosa. Alitafuta kwa muda mrefu. Ulikuwa ubavu wa nguva, mnene, mzito, na mtu yeyote aliyewahi kusimama chini ya mifupa ile angeutambua.

"Je?" Fondo aliuliza. Kidole chake cha kati kilikuwa kimeota sugu.

"Mbavu zimeisha."

"Alhamdulillahi!" Mirriam alipaza sauti kutoka ndani.

"Bado uti wa mgongo," Mutanu alisema. "Una pingili karibu sitini."

"Sitini! Mutanu, hiyo ni zaidi ya mwaka!"

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Fondo alimtazama. Shavu la Mutanu lilikuwa limevimba kidogo, upande mmoja, kwa kicheko kilichozuiwa tangu siku ile ya kibanda cha simu.

"Nikimaliza pingili," alisema kwa sauti ya chini, "naweza kutuma wazee kwenu Changamwe?"

"Kwetu wazee huja na mbuzi watatu."

"Watakuja na mbuzi watatu. Nikimaliza pingili."

"Watume kwanza," Mutanu alisema, akimsogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Pingili utachora hata ukiwa na wajukuu. Nilikuambia sijakusamehe."

Fondo aliketi pale pale kizingitini, akaweka nukta ya kwanza. Mutanu aliinama, bega kwa bega naye, akaelekeza kioo chake.

"Imekwenda kushoto," alisema. "Rudia."